Siku Walipoulizwa Wema Wako

Dada yangu Mwanaidi,

Tangu tukuzike sipati usingizi, na wewe wajua mimi ndiye niliyekoroma hadi asubuhi siku tembo walipobomoa ghala letu.

Wamkumbuka yule fundi Mtaliano wa mashine ya mkonge, kule Mazinde, uliyekuwa ukimpikia? Alionja kisamvu chako, akafumba macho: "Buono!" Mimi ndiye niliyemwuliza maana yake, maana Kitaliano nilikishika kwa wiki moja, mwenyewe akakiri nampita. Akasema mkate mtamu ni buono, na mtu mwenye moyo mzuri ni buono. Hodari wa kazi tu hapewi neno hilo. Mwanamke ndiye buona. Nikakuletea habari jikoni.

"Kwa hiyo, kaka, mimi na kisamvu tu sawa?"

"Sawa, ila kisamvu kimekutangulia."

Ukanirushia mwiko. Lakini Mtaliano alipougua homa ukamuuguza kama ndugu, alisema kwa kinywa chake: "Mwanaidi buona."

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Handeni, kila nyumba na watu wa kwao. Ukaugua kabla paa halijaezekwa, hukuinuka tena. Kaburini shehe akauliza kama ilivyo desturi: "Mnamshuhudiaje marehemu?"

Wanaume wale hawakukujua, wakainamia majembe. Waliokujua ni wake zao, uliowagawia muhogo mvua zilipokatika, nao makaburini hawaendi.

Nikapaza sauti: "Mwema! Hata Mtaliano alisema!"

Wakatazamana. Jirani yetu Mhina akanong'ona, "Huyu si ndiye aliyemkaba chui kwa mkono mmoja?"

Chui nilimkaba kweli, lakini hayo hayakuwa ya siku ile. Wakaguna "mwema, mwema," kama watu wanaotaka kumaliza zamu ya shamba la kijiji, wakashika majembe.

Nilirudi nyumbani, nikawasimulia wanawake waliokaa mkekani uani. Mama Rehema akasimama, kanga imelowa machozi. "Basi tuulize sisi."

Nikauliza. Nilinong'ona, mimi mwenye sauti ya kuita ng'ombe Kilole wakasikia Manundu.

"Mwema!" wakajibu wote, mpaka mwanao Zuhura akashtuka, akalia.

Lakini udongo ulikuwa umeshakufunika. Nimemwuliza shehe kama ushahidi wa uani nao hufika. Akasema Mungu ndiye ajuaye. Jibu hilo nalala nalo, naamka nalo, dada, na bado halinitoshi.

Pumzika. Zuhura anakula vizuri.

Mimi kaka yako, mjomba wa Zuhura.