Jina Lako Ukutani, Baba Mkwe

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Nimeolewa, baba. Nimeolewa na Ima wako, kanisani kwetu Nyamiaga, na tangu siku hiyo nacheka peke yangu njiani kama mtu aliyekumbuka kichekesho. Mama ntilie wa jirani yetu hapa Nyakanazi ananitazama na kutikisa kichwa. "Subiri mwaka uishe," ananiambia, "hutamwangalia hivyo." Namjibu kwamba mwaka ukiisha nitaanza upya. Anasema maharusi wote husema hivyo. Basi mimi nimo, baba. Niandikwe kati ya hao wote.

Barua hii naiacha wazi, kila mwenye simu aisome, kaka yangu Deusi akiwemo. Yanayosemwa juu ya jina lako yamesemwa barabarani, mbele za watu. Majibu yangu nayo hayatakaa chini ya godoro.

Unakumbuka ulivyonipata? Nilikuwa nimeajiriwa kwenye steshenari ya mama mmoja hapa njia panda ya Nyakanazi, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Ukaingia na kipande cha boksi, kofia umeishika mkononi. "Binti," ukasema, "niandikie hapa maneno makari. Ya mutu kuogopa." Nikadhani una ugomvi wa shamba. Kumbe madereva wa malori walikuwa wanajisaidia nyuma ya banda ambako mwanao anaziba pancha. Nikaandika kwa herufi kubwa: USIKOJOE HAPA. MUNGU ANAKUONA, NA FUNDI PIA. Nilipokusomea ulicheka mpaka ukakaa chini.

Jioni nilipita kuona kama mmelibandika. Nikamkuta fundi mwenyewe, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, amepiga goti kando ya tairi la semi. Aliniangalia, akaangalia boksi, akaniangalia tena.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo."

"Umeniondolea harufu," akasema. "Sasa usiniondolee na usingizi."

Wewe ulikuwa kwenye benchi, baba, ukijifanya kusinzia. Nilikuona unatabasamu.

Halafu ile siku mlipokuja kwetu kujitambulisha. Wazee wote wamekaa, mama yangu amepika tangu alfajiri, na Deusi amevaa koti lake la ofisini ingawa jua lilikuwa kali. Ukasimama, ukajikohoza, ukasema: "Mimi huyu binti nirimupendea karamu. Karamu yake ni nzuri, sijaona ingine."

Watu wakatazamana. Deusi akasema, "Karamu? Hatujapakua hata wali, mzee ameshasifu karamu." Shangazi yangu akakimbilia jikoni kuharakisha nyama. Wewe ukadhani wamekukubali, ukarudia kwa sauti ya juu zaidi. Ima akakuvuta shati, "Kalamu, baba."

"Ndiyo," ukasema. "Karamu. Ya kuandikia."

Nyumba nzima ilicheka, na wewe ndiye uliyecheka zaidi kuliko wote. Mpaka leo nikikaa kuandika, mtu akiniulizia, Ima hujibu, "Mke wangu yuko karamuni." Napenda anavyosema neno hilo, mke wangu. Analisema polepole, kama mtu anayekunywa chai ya moto.

Lakini Deusi hakulichukua kama sisi. Mlipokuwa mnaondoka alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hawakunisomesha hadi kidato cha nne ili niolewe na mtoto wa kambi ya wakimbizi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wewe uligeuka, ukavaa kofia yako, ukamjibu bila hasira: "Kambi ya Lukole irifungwa, mwanangu. Nyasi zimeota. Mutoto ndiye ariyebaki." Ukashuka njia kati ya migomba, taratibu, na hukutazama nyuma.

Ulitangulia kabla ya harusi. Kiti chako tulikiacha mbele, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Ngoja nikueleze tunavyoishi, maana najua ungeuliza. Ima hakuninunulia pete nene. Alininunulia mashine ya kutolea kopi, iliyokwisha kutumika, na akaifunga utepe mwekundu. Wenzangu niliosoma nao walinihurumia. Mimi nililia kwa furaha, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunitazama na kuona kazi yangu kwanza. Jioni anaosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, anasugua mpaka ngozi inawaka, na bado viganja havitakati. Basi ananigusa shavu kwa mgongo wa mkono. Nani amewahi kuguswa hivyo? Tunakula mahindi ya kuchoma kwenye lile benchi lako, tunatazama malori yanavyojipanga, na mimi namsomea nilichoandika mchana. Akipenda haongei, anaacha kutafuna tu. Nikiona ameacha kutafuna najua sentensi hiyo imesimama.

Na jina lako, baba. Juma la kwanza baada ya harusi mama mkwe aliniita pembeni akanifundisha: mke wa mwana hataji jina la baba mkwe, na hata neno linalofanana nalo analikwepa. Bibi yangu naye aliishi hivyo, kwa hiyo sikushangaa. Ila sikuwa nimepiga hesabu ya jina lako. Linaanza na "mvu". Maana yake siwezi kusema mvua, na mimi naishi Kagera.

Siku moja nimeanika nguo, mawingu yakaja meusi kutoka upande wa Biharamulo, na mama mkwe yuko pale ametutembelea. Nikamwita Ima, "Anua nguo, ile ya juu inakuja."

"Ipi? Ndege?"

"Ile inayonyesha."

"Hiyo siijui. Ina jina?"

"Ima, nguo zinalowa."

"Zinaloweshwa na nini, mke wangu?"

Shuka la harusi lililowa lote. Mama alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Wenzangu wa shule wananiuliza kama nimesoma ili niogope neno. Siogopi. Mama mkwe ameishi na wewe miaka yote hiyo, amekuzalia, amekimbia vita mkiwa pamoja, amekuzika, na jina lako hajalitamka hata mara moja. Atakayeniambia huo ni ujinga aje anionyeshe mapenzi yake yeye yalivyo, tulinganishe.

Sasa nifike kwenye ugomvi. Baada ya harusi Deusi alitupatia fremu yake moja ya duka kando ya barabara kubwa tuanzie maisha. Ilikuwa nzuri, ina mlango wa chuma na sakafu ya saruji. Ima akasema duka tuliite kwa jina lako, na mimi nikakubali kabla hajamaliza. Deusi akaja kuona, akamkuta Ima anapima mahali pa kupaka rangi.

"Adela," akaniambia, "andikeni Upendo. Andikeni Neema. Hilo jina unajua linasema nini?"

"Najua. Na mimi Kihangaza nimenyonya, kaka, na ni ndugu wa lugha yao."

"Linasema nimetoka mbali. Unataka kila mteja ajue hapa ni kwa wakimbizi?"

Nikamshika mkono, nikamtoa mlangoni. Nikamwambia anionyeshe mtu mmoja pale Nyakanazi ambaye hajatoka mbali. Lori lile limetoka Dar es Salaam, linakwenda Rusumo. Lile la pili limetoka Kabanga. Basi lile la Kigoma. Mama ntilie ametoka Kahama, mwenye duka la dawa ametoka Musoma. Hapa ni njia panda, hakuna aliyeota hapa kama mgomba.

"Mimi nimetoka Ngara," akasema. "Hapo tu."

"Na yeye alitoka ng'ambo ya mpaka, nyuma ya mlima unaouona ukisimama Kabanga. Hapo tu."

Hapo akasema alilokuja kulisema. "Fremu ni yangu. Jina hilo halipandi kwenye ukuta wangu."

"Basi baki na ukuta wako, kaka."

Sikupanga kusema hivyo. Nilimtazama Ima nikidhani atanituliza, kama wanaume wanavyotuliza wake zao mbele ya shemeji. Alikuwa ameshaanza kuikunja waya ya umeme ya mashine. Siku ile nilimpenda upya. Tuliibeba mashine kwa mkokoteni, tumeifunika blanketi kama mgonjwa, tukaipeleka kwenye banda la pancha.

Huko ndiko tulipo. Ukuta ni mabati, vumbi linaingia kwenye karatasi, na pampu ya upepo ikiwaka umeme unashuka, kopi zinatoka zimepauka kama mtu mwenye malaria. Basi nikipata mteja naita, "Ima, nina mtu," naye anazima pampu, anasimama na mpira mkononi, tairi limejaa nusu, mpaka nimalize. Madereva wananung'unika. Mmoja alimuuliza, "Fundi, hapa bosi nani?" Ima akamjibu, "Huoni anayezimiwa mashine?"

Deusi hajanipigia simu tangu siku ile. Inaniuma, sitadanganya. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa naumwa nikiwa mdogo. Lakini kama ananisoma hapa ajue hivi: njoo wakati wowote, kaka, chai ipo, ila jina halishuki.

Maana nililiandika, baba. Nililiandika mwenyewe. Ima alinyoosha bati, nikalipaka nyeupe, nikanunua rangi ya bluu na brashi ndogo. Nilikuwa nimefika herufi ya tatu mama mkwe aliposhuka kwenye pikipiki na kapu lake la maparachichi. Hajui kusoma, lakini alisimama pale muda mrefu.

"Mkazana," akaniita, kama kwao wanavyomwita mke wa mwana, "unachora nini?"

"Jina la baba."

Akaweka kapu chini. "Unaritamuka?"

"Hapana, mama. Mdomo wangu nimeufunga kama ulivyonifundisha. Kwenye mkono hukunifundisha kitu."

Nilisema kwa ujasiri, lakini sikugusa bati tena. Kwa Deusi nilikuwa na maneno mengi. Kwa mama nilikuwa na hilo moja tu. Angekataa ningelifuta, nakwambia ukweli, na ningelia nikilifuta.

Alikaa kwenye benchi. Akanyoosha miguu, akafikiri, akatazama mikono yake.

"Mama zetu hawakujua kuandika," akasema. "Kwa hiyo mukono hawakuukataza." Akachukua parachichi moja, akalimenya kwa kidole. "Endelea. Na hako kamustari kamepinda."

Lilipokauka Ima alilipigilia misumari juu ya mlango, kisha akaenda kutafuta gundi dukani. Tukabaki wawili, mama na mimi, tumeinua nyuso. Nikatambua kitu ambacho kalamu yangu yote haikuwa imekifikiria. Mama hawezi kulisoma. Mimi nalisoma lakini siwezi kulisema. Na yeye, hata angejua kusoma, asingelisema.

"Rinasema vizuri?" akaniuliza.

"Linasema vizuri, mama."

"Rote?"

"Lote."

Akatikisa kichwa kukubali, lakini macho hayakuondoka kwenye bati. Herufi zile kwake zilikuwa rangi ya bluu tu. Nilitamani nivunje mwiko pale pale, nimpe.

Ndipo dereva mmoja akavuka barabara kutoka kwenye magari ya mizigo, mtu wa pwani kwa kusikia lafudhi yake, leseni mkononi, anatafuta wa kumtolea kopi. Akasimama mbele yetu, akainua kichwa, akasoma kwa sauti, kipande kwa kipande, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"M-vu-ye-ku-re. Mvuyekure. Steshenari na Pancha." Akaniangalia. "Dada, hilo ni jina la mtu?"

"La baba yake mume wangu."

"Gumu hilo. Lina maana gani?"

"Kwamba ametoka mbali."

"Ala, kumbe ni langu," akasema, akanipa leseni. "Nitolee mbili."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Sijui alisimama saa ngapi. Kitenge kilikuwa kimemteleza begani na hakukirudisha. Alimshika yule dereva mkono wa shati, kwa adabu, kama mtu anayeomba maji.

"Soma tena, mwanangu," akasema.

Pumzika, baba. Huku unaitwa kila siku, na wanaokuita hata hawakujui.

Ni mimi, mkazana wako,
mke wa Ima.