Sikio Lililomkosea Mjomba

Manyoni, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuamkia wewe kwanza, kisha wote wa nyumbani hapo Kinyangiri. Goti lako limepoa? Mvua imewafikia? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku relini linatukaba koo.

Mama, yule dereva wa lori la karanga amenifikishia maneno yako, na nimeumia sana. Ati Mjomba Msengi amekwambia nimeingiwa na majivuno, simwamkii tena, na kwa hiyo haendi kwa Mzee Kiula kuniposea Debora. Jamani! Mimi nimdharau mjomba aliyenibeba mgongoni?

Sikiliza, mama. Siku ile alipopita hapa akienda Dodoma, nilikuwa nimeinamia lori kuukuu la kabla ya vita, linakohoa kama mbuzi mwenye mafua. Mjomba akaja akasimama upande wangu wa kulia, akangoja nimwamkie kama inavyopasa. Kimya. Akaita, "We Kitundu!" Kimya. Akaenda zake. Dereva wa lori hilo bovu ndiye aliyeniambia baadaye, "Mzee mmoja kakuita mpaka kachoka." Nilikimbia na grisi yangu mikononi hadi stesheni, nikakuta treni imeshaondoka. Nilikaa pale nikalia, sikufichi.

Ukweli ni huu: sikio langu la kulia limekufa. Wakati wa masika injini moja ilirudisha moto, bomba la moshi likalipuka karibu na kichwa changu, na tangu hapo upande huo sisikii kitu. Siku ile hilo la kushoto nalo lilikuwa limejaa mlio wa lori. Sikukwambia kwa kuogopa utakosa usingizi.

Usidhani kazi imekwisha. Mafundi wa hapa hatuna vipimo, injini tunaipima kwa kuisikiliza. Basi nimechonga fimbo ya mpingo. Ncha moja naigusisha kwenye injini, nyingine naiuma kwa meno. Mlio unapanda kwenye meno hadi ndani ya kichwa, nami najua silinda ipi inachechemea. Kisha nakaza au nalegeza skrubu ya kabureta, kidogo kidogo, mpaka injini ipumue sawa. Wenzangu wananicheka, "Tazameni, fundi anakula gari!" Wacheke tu, hata lile lori liliondoka likinguruma vizuri. Lakini binadamu, mama, siwezi kumuuma ili nimsikie.

Mwambie mjomba namwomba radhi kwa magoti yote mawili. Akipita tena anishike bega, aone nitakavyoruka kumwamkia. Na wewe Yona, mdogo wangu unayemsomea mama, usiruke hapa. Mwite mjomba umsomee yote, tena kwa sauti.

Nisalimie bibi mzaa baba, shangazi wa kule kisimani, na mwalimu wa kanisa aliyenifundisha kuandika. Shangazi mwambie kanga yake nimeshaipata, natafuta tu mtu mwaminifu wa kumletea.

Jambo la mwisho, mama, na hili nakuomba sana. Kabla mjomba hajapeleka neno kwa Mzee Kiula, Debora mwenyewe aambiwe habari ya sikio langu. Asije akaniita siku ana shida, nisigeuke, akadhani simpendi. Akikataa sitamlaumu, ila nitaumia, nisikudanganye. Akikubali, mwambieni kwamba popote tutakapotembea, upande wangu wa kushoto ni wake.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Kitundu