Kwa Mutua, Aliyepiga Mpira wa Mwisho

Mdogo wangu Mutua,

Sikuulizi habari, maana habari zako siku hizi nazipata kwenye simu kama mtu baki. Jumapili tulipotoka kanisani, mimi na mwaitu, mama yetu, tulikaa hapa Mumbuni tukaitazama timu yako ya kulipwa huko Japani. Mama hajaelewa besiboli hata leo, lakini mgongo wako anaujua, na kila ulipotokea alikigusa kioo cha simu kwa kidole.

Nilimtazama sana mrushaji wenu. Zamu tisa, mpira wake ukipita na wapigaji wa upande wa pili wakichapa hewa. Hakuna aliyepata pointi, kwao wala kwenu, mpaka ulipokuja wewe mwishoni ukaupiga mmoja katikati ya uwanja, mwenzako akakimbia hadi kituo cha nyumbani, ikawa pointi. Moja bila. Mwaitu alipiga makofi. Mimi nilishikwa na hasira, na sioni haya kukuambia, kwa sababu mchezo huo tuliwahi kuucheza, mimi na wewe.

Unalikumbuka gongo la kwanza? Marehemu baba alilichonga kwa mti wa mukau kule Wamunyu, katikati ya vinyago vyake vya twiga na vifaru, kisha akalipaka rangi ya viatu likang'aa, maana hakuna kitu kilichotoka mkononi mwake bila kung'arishwa. Ulipolizungusha lilikuponyoka likamwangukia kuku wa jirani. Tulicheka hadi tukakaa chini. Baba alinuna, "Sasa mnataka nichonge kitu kibaya makusudi?" lakini akalipiga msasa. Tangu hapo nilikurushia kila jioni nikitoka kuteka maji, hata siku bega liliponiuma. Ulikuwa unauogopa mpira, Mutua. Ulikuwa unafumba macho. Mimi ndiye niliyekufundisha kuyafumbua.

Kisha wakaja wale wageni kutafuta wachezaji, tukachanganywa wasichana na wavulana. Nilirusha mchezo mzima bila kuwapa wapinzani hata pointi moja. Wewe ukapiga mmoja, wa mwisho, tukashinda. Wakakuchukua, wakasema hawana nafasi ya wasichana. Kwa hilo sikulaumu, sheria hukuitunga wewe. Lakini jioni ile, mama amekuchinjia kuku, baba aliuliza, "Na Mwende alichezaje?" Ukajibu huku unatafuna, "Si alikuwa tu anarusha."

Nilidhani ni utoto, utakua.

Umekua. Jumapili walikusimamisha mbele ya kamera pamoja na yule mrushaji, ukauinua mkono wake, ukasema kwa Kiingereza kwamba mtu akirusha hivyo mchezo mzima, kupiga mmoja ni kazi ndogo, na ushindi ni wake. Kumbe maneno unayo. Halafu wakakuuliza ni nani aliyekufundisha kupiga. Ukasema hakuna, ulijifunza mwenyewe kijijini. Asante ya punda kweli ni mateke. Bega hili langu sasa haliwezi hata kuanika shuka.

Mwaitu hakukielewa Kiingereza chako. Alinigeukia uso umejaa furaha, akaniuliza, "Amesema nini? Amekutaja?"

Nikamwambia umenitaja. Nikamwambia umesema kwamba bila dada yako usingejua hata kulishika gongo, na kwamba ushindi ule wa nyumbani ulikuwa wake. Niliyasema polepole, neno kwa neno, maana nilitaka kuyasikia yakisemwa walau mara moja, hata kama ni kwa sauti yangu. Mama alilia. "Si nilikuambia hajasahau," akasema.

Kwa hiyo ukipiga simu atakushukuru, tena sana. Usimsahihishe. Nyamaza tu upokee sifa ambazo si zako, kama ulivyozoea.

Kaa salama huko uliko.

Dada yako,
Mwende