Kitabu Kisichojua Kusalimia

Jumanne, usiku

Eti nimemchosha mgeni! Mimi?

Kile kitabu cha Kiitaliano cha wasafiri alichotuletea meneja pale gesti ni vichekesho mwanzo hadi mwisho. Kinakufundisha kulalamika kuna nzi kwenye supu, na kumkataa mwendesha mashua anayetaka kukuoa. Hapa Isevya mashua itoke wapi? Lakini namna ya kumuuliza mtu habari za nyumbani, hakina.

Sasa nimpelekee mama mtu mzima chai bila kuulizia watu wake? Nikaokoteza maneno kwenye sura ya hospitali. Mume mzima? Watoto hawaumwi?

Yule mama wa Kiitaliano akaweka kikombe chini. Akanishika mkono, akaongea mpaka chai ikapoa. Kwa maneno ya sura ile ile nikaambulia kwamba mumewe amelazwa huko kwao, na kwamba... sijui. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamwambia, "Pole, mama, pole," kwa Kiswahili, maana nayo kitabuni haimo.

Meneja akaniita pembeni. "Dada Zuhura, sema kilichoandikwa. Wageni hawaulizwi mambo ya kwao. Ukirudia, tafuta kazi kwingine."

Kazi naitaka. Naogopa kuikosa, sifichi. Lakini kesho asubuhi nitamuuliza yule mama mumewe ameamkaje. Meneja akitaka kunifukuza, asubiri kwanza nimalize kusalimia.