Bodi Iliyogeuka ya Mama Wekesa

Jumamosi, mwezi wa nane, 2008. Kitale ni mvua tangu asubuhi na mgongo unauma.

Mimi niko na miaka sabini na moja. Nimezika ndugu watatu, nimezika redio za valvu, na kaseti pia nimeziacha nyuma. Shule niliacha darasa la nne lakini Kibomet yote hakuna fundi ananifikia.

Leo nimechoka, bana.

Mama Wekesa, bibi yangu wa ndoa, anakaa nyumbani Misikhu. Masikio yake yalienda, sasa ni miaka sita. Nikifika huko ni kupayuka tu, mpaka majirani wanajua siri zetu. Nikaona nimtengenezee kamashine ka kukuza sauti, akavae shingoni.

Bodi yake, kile kibao cha kushikilia vyuma vya ndani, niliprinti mwenyewe. Printa kuukuu ya wino niliipasua tumbo ndio kibao cha shaba kipite bila kukunjwa. Wino unaanguka juu ya shaba, naupasha kwa jiko ushike, halafu natia kwa dawa. Dawa inakula shaba yote isipokuwa chini ya wino. Sehemu zinabaki ndizo njia za stima.

Cherop, mwenye saiba hii ya intaneti naandikia, aliona mchoro kwa kompyuta akaniuliza mbona nimeugeuza. Nikamwambia nilianza kugeuza michoro kabla hajazaliwa.

Ni kweli. Lakini hiyo ilikuwa ya pasi, wakati tulikuwa tunahamisha mchoro kutoka kwa karatasi kwa pasi ya moto. Printa haitaki kugeuziwa. Kibao kikatoka kinyume, kama maandishi kwa kioo, miguu ya IC, ile chipu ya kukuza sauti, haipati mahali pake. Na kilikuwa kibao cha mwisho.

Cherop akacheka. "Mzee, si ukubali tu?"

Sikukubali. Nilichomea IC upande ule wa shaba, mahali kwa kawaida haikai, nayo ikageuka pamoja na mchoro, na kila mguu ukapata njia yake. Kazi ilichukua siku mbili. Cherop sikumwambia alikuwa sawa. Atasoma hapa.

Jana nikafika Misikhu, nikamvalisha Mama Wekesa. Nikapayuka jina lake kama kawaida, "Nasimiyu! Unanisikia?"

Akashika sikio.

"Baba Wekesa, wacha kelele. Si niko hapa."

Nilikaa chini. Miaka sita ya kupayuka ilinishukia mabegani mara moja.

Mwenye anabisha mambo ya bodi amuulize Cherop. Hayo mengine amuulize Mama Wekesa mwenyewe.

Aulize tu kwa sauti ya kawaida.