Glovu za moto za Mama Varsha

Boaz, endelea kuchimba huko Nyarugusu, dhahabu imepatikana huku Shinyanga. Kuanzia leo niite mhandisi!

Zile glovu zangu za waya wa pasi mbovu na betri nne nimemvalisha Mama Varsha asubuhi hii. Unajua damu haimfiki vidoleni. Juni ikiingia hata sindano haishiki. Mumewe, mzee Pranlal, alishaniahidi: zikipasha joto, Jumatatu naanza kazi kwenye karakana yake ya redio.

Boaz, zimepasha! Mama kafumba macho: "Moto unapanda taratibu, mwanangu. Mpaka kiwiko!"

Mpaka kiwiko!! Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikawapa somo lote la umeme la kidato cha tatu. Mzee anasema tu, "Shabashi, kijana, shabashi."

Mara mdogo wangu Eufrasia kaingia mbio, hata shikamoo hakuna.

"Kaka, umesahau betri! Si uliniambia nizianike juu ya bati zipate nguvu? Hizi hapa, zote nne."

Zote nne, Boaz. Na Mama bado kanyoosha mikono!

Nikajikaza kuuliza kama Jumatatu bado ipo. Mzee akazipokea betri, bado za moto kwa jua la bati, akazibana kiganjani.

"Hizi ndizo zina moto, kijana."