Kisanduku Kilicholia Bafuni kwa Haji Metwalli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa: wizi wa njiwa, Kichochoro cha Darwish, Imbaba, Kairo
Jina: Nermin Sabri Shalabi
Umri: miaka 26
Kazi: mtunzi wa programu za kompyuta
Makazi: ghorofa ya tano, Kichochoro cha Darwish

Naapa kusema kweli. Luteni ameniambia niketi nizungumze polepole. Kuketi nimeketi, lakini polepole siwezi, maana Ami Bekhit, bawabu wetu, yuko mahabusu humu ndani na hakuiba kitu.

Leo Ijumaa tarehe 11 Aprili, asubuhi, baba yangu alipanda juu ya paa kuwalisha njiwa wake. Alikuta kizimba cha jozi yake bora kimebebwa chote, pamoja na kisanduku nilichokifunga chini yake.

Kisanduku hicho nilikiunda mimi, cha kufukuzia vicheche. Kina betri na king'ora kidogo, na kinazungumza na kompyuta yangu kwa wifi ya nyumbani. Kompyuta inafungua soketi, yaani mlango wa mawasiliano, na kukaa inasikiliza. Kisanduku kinabisha hodi, kinakaribishwa, kisha mazungumzo yanakwenda pande zote mbili. Nikikiambia lia, kinalia.

Ufunguo wa paa wanao baba na Ami Bekhit tu. Haji Metwalli, mfuga njiwa wa jengo linalotazamana na letu, ndiye aliyeanza: "Unatafuta nini tena, Sabri? Mwenye ufunguo si huyo hapo?" Baba kwa uchungu akaita polisi. Walipomshika Ami Bekhit kwenye ngazi, kilemba chake kilianguka. Hakuna aliyekiokota, hata mimi. Alimwambia baba tu, "Miaka yote hii, Sabri?"

Baada ya swala ya Ijumaa Haji alikuja sebuleni kwetu kumfariji baba. Akanywa chai yetu, tena kwa sukari tele. Mimi nilikuwa pembeni na kompyuta. Programu yangu ilikuwa imekufa, kwa sababu sikuiandikia la kufanya mgeni, yaani kisanduku, akiondoka bila kuaga. Nikaiwasha upya, ikanikatalia: anwani tayari inatumika. Luteni, nilitaka kulia! Mfumo ulikuwa bado umeushikilia mlango wa zamani. Kosa hili sisi waandishi wa programu tunalifanya, tunalicheka, na kesho tunalirudia. Nikaongeza mstari mmoja wa kuruhusu anwani itumike tena. Nikawasha. Ikaanza kusikiliza.

Kisanduku kikikatika hujaribu kuunganika tena na tena, lakini lazima kiwe ndani ya wifi yetu. Kingekuwa kimeshafika soko la njiwa, ndiyo basi tena. Nilikodoa macho mpaka yakauma. Mara maneno yakatokea kwenye kioo: mgeni ameunganishwa.

Nikapiga ukelele. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuna nini, binti?"

"Kipo, Mama! Kipo hapa hapa!"

Haji akacheka. "Muozeni huyu, Sabri. Kompyuta itamtia wazimu."

Nikatuma neno moja: lia.

Dirisha lilikuwa wazi. Ng'ambo ya kichochoro, kwake Haji, king'ora kikaanza. Mkewe, Bi Inshirah, akatokea kwenye roshani na povu la sabuni mpaka viwikoni.

"We Haji! Kile kizimba ulicholeta alfajiri kinanipigia kelele bafuni! Njoo ukinyamazishe kabla sijakitupa chini!"

Nilifurahi hata nikamkumbatia Mama na mwiko wake. Haji aliweka gilasi mezani.

"Walitua kwangu wenyewe, Sabri. Sheria ya njiwa unaijua. Atakayetua juu ya paa langu ni wangu."

Ni kweli, ndiyo desturi ya wafugaji, na baba mwenyewe ameshanasa wengi kwa njia hiyo. Akamtazama Haji.

"Wakatua na kizimba chao?"

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaona baba hacheki. Alitoka, akashuka ngazi moja moja, akaokota kilemba cha Ami Bekhit na kukikung'uta vumbi. Hajakiweka chini mpaka sasa. Yuko nje hapo, anaona haya kuingia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa, ni sawa. Naomba tu Ami Bekhit asicheleweshwe.

Sahihi: N. S. Shalabi

Maelezo haya yameandikwa nami, Luteni Ashmawi, ofisa wa zamu. Kizimba, kisanduku na njiwa wawili vimepokelewa kama vielelezo. Ubao wa kuvukia kichochoro umekutwa juu ya paa la Metwalli, naye amekiri. Bekhit ameruhusiwa kwenda saa kumi na moja jioni, akakataa kutoka mpaka mlalamikaji, baba wa shahidi, aingie. Mlalamikaji ameingia na kilemba mkononi. Bekhit ameinamisha kichwa ili avishwe.